Gari Lililopona Njiani

Fikirini bin Issa hakumjua mama yake. Mama alifariki yeye angali anatambaa, na baba akafuata kabla mwaka haujatimia. Aliyembeba mgongoni na kumtafunia muhogo akamtia kinywani alikuwa dada yake, Somoe, binti wa miaka kumi na miwili. Watu wa Litumbi, kijiji chao kilichokuwa kando ya Ruvuma karibu na pale mto unapoanza kujigawa kwenda baharini, walisema Somoe aliolewa akiwa na mtoto kiunoni. Na ni kweli, maana Athumani alipokuja kuposa aliambiwa waziwazi: ukimtaka huyu, na mdogo wake naye ni wako. Athumani akasema, "Haidhuru. Mpunga upo."

Basi akalelewa hivyo, na shemeji akawa kama baba. Hata alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu na mke na watoto, Fikirini alimwamkia dada yake shikamoo kwa sauti ya mtoto anayemwamkia mama.

Waingereza walipokuja na mashamba yao ya karanga kule Nachingwea, naye akaenda kuomba kazi, kijana wa miaka kumi na saba. Alianza kwa kuosha matrekta. Baadaye akashikishwa taa, kisha spana, kisha akaachiwa injini nzima. Karanga hazikustawi, Wazungu wakafunga virago, lakini Fikirini alirudi Mtwara na dizeli imemwingia kwenye damu. Uhuru ulimkuta ana gereji yake pale mtaa wa Chuno, banda la bati na shimo la kuingilia chini ya magari. Alikuwa na sifa moja iliyomtangulia kila mahali: alijua ugonjwa wa gari kwa sikio. Aliketi kwenye kigoda, akafumba macho, injini ikinguruma mbele yake, kisha akasema, "Nozo ya tatu hiyo." Walipofungua hizo nozo zinazonyunyiza dizeli, ni ya tatu kweli. Sifa ile aliipenda, na hilo si kosa. Mtu aliyekua bila kitu akipata kimoja hukishika kwa mikono miwili.

Litumbi palikuwa na zahanati ndogo, na zahanati ilikuwa na Landrova moja ya dizeli ya kupeleka wagonjwa mjini. Dereva wake alikuwa Thabiti, mtu wa kijiji hicho hicho, aliyeogelea mtoni pamoja na Fikirini walipokuwa watoto. Gari likihitaji fundi, Thabiti hakuwa na kwingine pa kwenda.

Baada ya Idi, mwanzoni mwa mwaka wa sitini na nane, Thabiti alilileta kubadilishiwa filta. Likakaa kutwa, likarudi. Hazikupita wiki mbili, akaja tena.

"Fundi, gari lina kasoro," alisema. "Asubuhi linawaka vizuri. Lakini nikikanyaga mafuta linasita. Linakohoa, linatoa moshi mweupe, linataka kuzima. Nikilibembeleza hivyo kama maili moja, linaacha, halafu linakwenda kama halikuwa na neno."

"Na sasa?"

"Sasa halina kitu."

Fikirini akalipanda, akalizungusha hadi Shangani na kurudi. Lilivuta vizuri, halikusita hata mara moja. Akaliacha lingurume, akafumba macho, akasikiliza.

"Gari hili ni zima."

"Hapa ni zima," Thabiti akasema. "Kule asubuhi si zima."

"Plagi za kupasha moto unazisubiri, au unapiga stata hapo hapo?"

"Nahesabu mpaka ishirini."

"Hesabu mpaka thelathini."

Mwezi wa tatu akarudi na maneno yale yale. Fikirini akafungua nozo zote nne, akazisafisha, akazirudisha. Mwezi wa nne, Thabiti huyo tena. Siku hiyo gereji ilikuwa na watu, madereva wawili wa malori ya korosho na wapita njia, na Fikirini akataka kuwachekesha.

"Thabiti, ndugu yangu, ugonjwa huu uko mguuni kwako. Alfajiri una usingizi, mguu unatetemeka, unasingizia gari."

Watu wakacheka. Thabiti naye akacheka, maana alikuwa mtu mpole, lakini alipokuwa anapanda garini alimshika mkono. "Fikirini, likifika kwako limeshapata moto. Limeshapona njiani. Kulilaza huku siwezi, zahanati haina jingine. Njoo wewe ulale kwetu usiku mmoja, uamke nalo. Ulione likiwa baridi."

"Nitakuja."

"Lilianza ulipobadilisha filta," Thabiti akasema tena, bila ubaya wowote. "Labda hilo litakusaidia."

Hilo ndilo neno lililomkera. Alilichukua kama tuhuma. Kazi yake ya mikono miwili, aliyoifanya tangu enzi za karanga, leo aje kuonyeshwa na dereva! Alimwambia atakuja, na moyoni alijua hatakwenda, kwa sababu hakuamini kuna cha kwenda kukiona.

Mwezi wa tano mpunga wa kwanza ulipovunwa, Somoe alikuja mjini ndani ya gari hilo hilo, na gunia dogo la mchele mpya na kuku wawili. Alilala kwa mdogo wake siku tatu. Mke wa Fikirini, Mwaisha, alimpenda wifi yake huyu, na wote wawili walikaa uani wakichambua mchele na kuwacheka watu wanaowajua. Asubuhi ya kuondoka, Somoe alimwita Fikirini pembeni.

"Mdogo wangu, gari la Thabiti lina kifafa. Nimeliona kwa macho yangu. Asubuhi tulipotoka lilitutikisa kama ungo. Mwenzio anasema kweli."

"Nitakuja kulitazama, dada."

"Lini?"

"Tukishasoma Maulidi. Ijumaa gereji imefungwa, nitakuja Alhamisi jioni nilale."

"Usinidanganye, Fikirini. Hujalala kwetu mwaka wa pili huu."

"Wallahi nitakuja."

Maulidi yakasomwa. Alhamisi ya kwanza ikaja na lori la korosho lililovunjika springi, Alhamisi ya pili akawa amechoka. Hakuna zaidi ya hayo. Laiti kungekuwa na sababu kubwa, pengine baadaye angepata pa kujificha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, mwishoni mwa mwezi wa sita, majira ambayo hata pwani ile ya joto asubuhi hutaka shuka. Somoe alitangulia bondeni alfajiri kumalizia kukata mpunga. Alipoinama kushika mafungu aliyoyaacha jana yake, swila aliyekuwa amejikunja chini yake akamgonga kwenye mkono, juu kidogo ya kiwiko. Alipiga kelele mara moja tu. Athumani na jirani walimbeba kwa kitanda hadi zahanati, wakafika jua linachomoza. Mganga msaidizi hakuwa na dawa ya nyoka. Akafunga mkono, akasema, "Mjini, sasa hivi."

Thabiti alihesabu mpaka thelathini. Gari likawaka. Lakini njia ya kutoka Litumbi inapanda kutoka bondeni kwa mchanga mtupu, na mchanga hautaki gari linalositasita. Lilifika katikati ya mwinuko, akakanyaga mafuta, likakohoa, likazima. Akaliwasha. Likatembea hatua kumi, likazima tena, na magurudumu yakaanza kujizika. Watu wakaitwa kusukuma. Betri ikachoka kwa kupigishwa stata. Ikabidi walirudishe nyuma kwa kulisukuma mpaka tambarare, walishtue likitembea, walipeleke huku na huku hadi lipate moto, ndipo lipande. Somoe wakati huo wote alikuwa amelazwa nyuma, kichwa mapajani mwa mumewe. Mwanzoni alikuwa akizungumza. Alimwambia Athumani mpunga uliokatwa usiachwe juani. Baadaye ulimi ukawa mzito, na kope zikaanza kumshukia kama mtu mwenye usingizi.

Saa nzima ilipotea pale mchangani.

Walipoupanda mwinuko, gari lilikwenda. Thabiti aliliendesha kama mtu aliyefukuzwa. Lilipofika Chuno lilikuwa na moto kamili, injini inaimba, na barabara ile inapita mbele ya gereji. Fikirini alikuwa shimoni chini ya lori. Alisikia Landrova inapita barabarani, akaitambua kwa mlio, akatoa kichwa, akawaambia waliokuwepo:

"Msikilizeni! Hilo ndilo gari la Thabiti analosema linaumwa. Kuna ugonjwa hapo?"

Wakasema hakuna. Akarudi shimoni, akaendelea kukaza bolti zake.

Somoe alikata roho katika kibaraza cha hospitali, kabla hajaingizwa ndani. Daktari aliyempokea alikuwa mtu wa maneno machache. Athumani alimuuliza kama angepona iwapo wangewahi. Daktari akajibu, "Ningempiga sindano. Wapo wanaopona kwa sindano hiyo, na wapo wasiopona. Zaidi ya hapo anajua Mungu."

Thabiti ndiye aliyekwenda gereji kumwambia. Alisimama mlangoni, mchanga umemjaa hadi magotini. Fikirini alikuwa ananawa mikono kwa mafuta ya taa.

"Mbona umepita bila salamu?" akamuuliza kwa kicheko. Kisha akautazama uso wake. "Kuna nini?"

"Dada Somoe," Thabiti akasema. "Tulikuwa naye garini."

Walimrudisha Litumbi siku ile ile, na gari lile lile ndilo lililombeba, likienda vizuri safari yote. Wakamzika kabla ya magharibi, kwenye makaburi ya kando ya mto, karibu na wazazi wake. Usiku ule, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, Fikirini alilala kijijini kwao, barazani pamoja na waombolezaji wengine.

Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, hakurudi matangani. Alichukua mfuko wake wa spana, akaenda zahanati. Umande ulikuwa umelifunika gari. Thabiti alimwona kwa mbali, akaja taratibu, akasimama pembeni.

Fikirini aliweka kiganja juu ya injini. Baridi kama jiwe la kisimani. Akafungua ufunguo wa plagi, akatazama taa yake ndogo: inawaka. Plagi hazina kosa. Akalegeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, akavuta mkono wa pampu mara moja, mara mbili. Mafuta safi yangetoka kimya, kama mkojo wa mtoto. Hapa lilitoka povu. Akavuta tena. Povu tupu, linachemka kama sabuni.

"Hewa," akasema.

Basi ilibaki kutafuta mlango wake. Alilala chali juu ya umande, akafuata paipu kutoka tangini, akaipangusa kwa kitambaa kila inchi, akaipapasa kwa ncha ya kidole. Hapakuwa na ufa. Akafika kwenye kikombe cha filta, akafungua bolti inayokishika, akatoa washa yake ya shaba, kile kipete cha kuzibia upenyo, akaipeleka kwenye mwanga.

Aliitambua. Ilikuwa na mkwaruzo mmoja, mwembamba kama unywele, kutoka ukingo wa ndani hadi wa nje. Siku ile baada ya Idi, alipobadilisha filta, alitafuta washa mpya kwenye kopo lake akakosa. Duka lilikuwa mwendo wa dakika kumi. Akaigeuza ile ya zamani upande wa pili, akairudisha, akakaza. Akaangalia kama inavuja, haikuvuja. Na isingevuja hata tone, maana mahali pale mafuta huvutwa, hayasukumwi. Usiku kucha gari likiwa limelala, dizeli ilirudi kidogo kidogo tangini na hewa ikaingia mahali pake. Asubuhi injini iliwaka kwa mafuta machache yaliyobaki mbele, kisha dereva akikanyaga, inavuta hewa. Baada ya maili moja hewa yote imekwisha kupita, na gari ni zima.

Kazi yote, tangu kuweka kiganja mpaka kuishika washa, haikufika saa moja. Jua lilikuwa halijakausha umande.

Alikaa chini, mgongo umeegemea gurudumu, washa imo kiganjani. Thabiti akachuchumaa mbele yake. Dereva wa miaka mingi haambiwi washa ya zamani ni ipi.

"Ni mimi," Fikirini akasema. "Mkono wangu huu. Na uliniambia. Filta, uliniambia."

 Kule matangani mtu alikuwa ameanza kusoma Yasini.

"Weka washa mpya," Thabiti akasema. "Neno hili libaki kwangu na kwako. Athumani ana mzigo wa kumtosha."

Kama angemtukana, au angempiga kofi, Fikirini angeweza kulia pale pale. Badala yake alisimama, akatafuta washa mpya mfukoni, akaifunga, akatoa hewa mpaka povu likaisha. Akawasha. Gari, baridi vile vile, likapokea mafuta bila kusita. Watu waliokuwa matangani walisikia mlio, wengine wakasema fundi amekwenda kutengeneza gari lililomuua dada yake, maskini, moyo gani huo.

Kuanzia hapo Fikirini alibadilika. Hakupokea tena gari lenye kasoro likiwa na moto. Alimwambia mwenye gari aliache lilale, na yeye akaamka nalo alfajiri. Wenye haraka walikasirika, wakahamia kwa mafundi wa mtaa wa Magomeni, hapo hapo mjini. Sikio lake lilikuwa zuri kama zamani, lakini halikumfurahisha tena. Watu wakimwambia, "Fundi, fumba macho utuambie," alijibu, "Nitafungua nione." Mwaisha aliona mumewe ananyamaza siku nzima, akadhani ni msiba, akangoja umalizike. Haukumalizika.

Miaka miwili alibeba neno lile. Mwaka wa sabini, Athumani alikuja mjini kununua jembe, akafikia kwake. Baada ya chakula wakabaki wawili barazani.

"Shemeji," Fikirini alianza, "nina jambo. Ukishalisikia, unaweza kutoka hapa usirudi. Nitakuona una haki."

Akamweleza yote, tangu washa hadi siku alipotoa kichwa shimoni na kulisifu gari. Hakujitetea popote. Athumani alisikiliza, akiviringisha tasbihi yake mkononi bila kuihesabu. Kwa mbali, upande wa mtoni, vita vya ng'ambo, kule Msumbiji, vilisikika kama mtu anayepiga mlango mzito. Watu wa pwani ile walikuwa wamevizoea.

"Washa," Athumani akasema, "hiyo ni shaba. Binadamu hukosea shaba, hukosea mbao, hukosea dawa. Nyoka ndiye aliyegonga, na ajali ni ya Mungu." Akaisimamisha tasbihi mkononi. "Lakini ulimwambia utakuja."

"Nilimwambia."

"Kila Alhamisi alikuwa anakutandikia. Kile kitanda cha kamba, chumba cha nje. Anafagia, anatia maji mtungini, anaweka na taa. Saa mbili ya usiku ananiambia, labda amepata gari la kuchelewa, tusifunge mlango. Wiki ya kwanza. Wiki ya pili. Mimi nilimwambia, huyo hatakuja, amekuwa mtu wa mjini. Alinikasirikia siku nzima kwa neno hilo." Akaitia tasbihi mfukoni. "Hilo, shemeji, sijui nikuambie nini. Hilo sina pa kuliweka."

Fikirini akafunika uso kwa mikono. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mpaka Mwaisha akatoka ndani na watoto nyuma yake. Athumani hakumbembeleza. Asubuhi aliaga kwa heshima, akapeana naye mkono, akaondoka, na miaka minne hakukanyaga tena Chuno.

Iliyomrudisha ni serikali. Mwaka wa sabini na nne amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa ilipofika, watu wa Litumbi walihamishwa kutoka kando ya mto, wakapangiwa viwanja juu, mbali na bonde lao. Athumani alikuwa mzee wa miaka karibu sabini, hana mtoto. Hakuweza kujenga upya. Fikirini alisikia kwa Thabiti, akakodi lori, akaenda mwenyewe. Alimkuta ameketi juu ya sanduku lake katikati ya kiwanja kitupu.

"Twende nyumbani, shemeji," alimwambia.

Athumani alimtazama. "Sijakusamehe yote," akasema.

"Najua. Twende."

Wakaishi nyumba moja. Walikula sahani moja, wakasali safu moja, na jambo lile hawakulitaja. Mwaisha alimhudumia mzee kama baba mkwe. Siku nyingine walicheka pamoja, kwa sababu ya kuku au ya mtoto, kisha wote wawili wakanyamaza kwa ghafla, kila mmoja akijua mwenzake amefika wapi.

Vita vya ng'ambo vilipokwisha na njia za mtoni zikawa salama, Athumani aliomba apelekwe kaburini. Walikwenda watatu, Thabiti akiendesha. Walikuta nyasi zimewapita kimo. Mafuriko ya masika mawili yalikuwa yamelila bonde, na ukingo wa mto ulikuwa umesogea, ukachukua sehemu ya makaburi. Vijiti vya alama havikuwepo. Walitafuta mpaka adhuhuri, wakipima kutoka kwenye mkwaju uliobaki, Thabiti akisema hapa, Athumani akisema hapana, ilikuwa kule. Kule palikuwa maji.

Mwishowe mzee alichoka. Akatandika msala wake kwenye nyasi alizozilaza kwa mguu.

"Basi tumsomee hapa hapa," akasema. "Atasikia popote alipo. Anza wewe, Fikirini, wewe ndiye mtoto wake."

Fikirini akajaribu kuanza. Sauti haikutoka. Akajaribu tena, na mara ya pili ikawa vile vile, mpaka Thabiti akaanza kwa niaba yake, naye akafuata kwa midomo tu.

Athumani alifariki mwaka uliofuata, akiwa usingizini, akazikwa mjini. Fikirini aliendelea na gereji yake, na watu wa Chuno wanamkumbuka kwa kazi safi na maneno machache. Wengi hawakuwahi kujua kwa nini.